Kiti cha Mwanahisa

Tulimwita Fundi tu, ingawa kiwandani mafundi tulikuwa wengi. Mimi nilikuwa mpiga tupa, kazi yangu kulainisha kingo za sufuria zikishapoa, na meza yangu ilikuwa hatua nne kutoka kwenye tanuri lake. Fundi hakupima joto kwa chombo chochote. Alitazama rangi ya alumini iliyoyeyuka, akasema "bado" au "leteni". Sikumbuki alikosea lini.

Kiwanda alikianzisha na rafiki yake, Kipara, ambaye alikuwa akijitania kwamba moto wa tanuri ndio uliomnyoa. Walianza uani, wawili, wakiyeyusha vyuma chakavu na kumimina kwenye mchanga. Kazi ilipokua, Kipara akahamia mezani, kwenye simu na makaratasi, na Fundi akabaki na moto wake. Kampuni iliposajiliwa, Fundi alitia dole gumba alipoonyeshwa, akarudi kazini. Kusoma alisoma kidogo, na kuuliza hakupenda.

Hapo ndipo neno lilipowaponza. Siku moja Kipara alibandika kibao mlangoni mwake: Mkurugenzi. Wiki ileile wageni wakaja kukagua kiwanda, naye akawaambia, "Na huyu ni mwanahisa mwenzangu." Lile "mwenzangu" Fundi hakulisikia. Alisikia "mwana". Utotoni aliwahi kuwa mwanagenzi wa fundi mmoja katili, miaka saba ya kuvuta mvukuto na kulala na njaa, na kwake neno lililoanza na mwana lilikuwa la mtu wa chini, wa kutumwa.

Wageni walipoondoka, akamfuata ofisini bila kuvua glavu.

"Kwa hiyo wewe mkurugenzi, mimi mwana?"

Kipara akacheka. Hakucheka kwa ubaya, ninavyomjua. Lakini alicheka mbele yetu.

"Ndugu yangu, umeelewa kichwa chini miguu juu. Kaa nikueleze."

"Nimekaa miaka ishirini. Inatosha."

Akaziweka glavu mezani, akaenda zake. Hasira hasara, wahenga walishasema, lakini nani humkumbuka mhenga akiwa amechekwa?

Kila mwaka Kipara alimpelekea barua ya mkutano. Fundi aliona kwenye bahasha lile neno, mwanahisa, akairudisha haijafunguliwa. Mwaka wa tatu Kipara alikwenda mwenyewe. Mke wa Fundi akatumwa mlangoni kusema mume wake hayupo. Wakati anasema hivyo, Fundi akakohoa chumbani. Kipara akasema, "Mwambie namsalimu, shemeji. Na hicho kikohozi akitibu." Akaondoka.

Sisi kiwandani tuliona mambo yakizorota bila kujua kwa nini. Tanuri lilipasuka, tukaliziba kwa udongo. Likapasuka tena. Kila tukiuliza lini litanunuliwa jipya, Kipara alijibu, "Namsubiri mtu." Wateja wakatukimbia, wenzetu nao mmoja mmoja. Tulikuwa thelathini na moja, tukabaki sita. Mwaka wa sita Kipara akaugua ini. Hakumaliza miezi miwili.

Fundi alipata habari siku mbili baada ya maziko. Mkewe aliniambia kwamba alikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni mpaka jua likazama.

Kisha binti wa Kipara akaja kwake, amebeba daftari la vikao.

"Baba mdogo, nimerithi sehemu ya baba. Tunatakiwa kukutana, wanahisa wote wawili."

"Mwanangu, mimi nilikuwa kibarua wa baba yako. Aliniandika hivyo."

Binti akamtazama kama asiyeamini masikio yake. "Nani kakwambia? Mwanahisa ndiye mwenye kampuni. Hisa ni fungu. Kampuni iligawanywa mafungu mawili sawa, moja la baba, moja lako. Mkurugenzi ni mtu wa kuendesha tu, na nyinyi wenye hisa ndio mnaomweka na mnaomtoa. Hata baba alikaa kwenye kile kiti kwa sababu nawe ulitia dole gumba."

Binti akafungua daftari, akamsomea. Mwaka wa kwanza: mkutano umeahirishwa, mwanahisa mmoja hayupo. Wa pili: umeahirishwa, mwanahisa mmoja hayupo. Ilikuwa hivyohivyo mpaka ukurasa wa mwisho, mwandiko ukizidi kutetemeka.

"Tanuri jipya lilihitaji ridhaa yenu nyote wawili," binti akasema taratibu. "Nilimwambia baba aende mahakamani. Akasema hawezi kumshtaki mdogo wake."

Mkutano ulifanyika Jumatatu asubuhi, katika ofisi yenye kile kibao. Ajenda ilikuwa moja: kuifunga kampuni. Fundi alikwenda kwanza kulitazama tanuri. Alipitisha mkono kwenye nyufa, akachungulia ndani, akatikisa kichwa. Aliporudi akauliza kama kuna njia nyingine. Binti akamweleza zote walizojaribu yeye na baba yake; fedha za tanuri jipya hazikuwapo tena. Basi Fundi akainua mkono kupiga kura. Ilikuwa ya kwanza katika maisha yake ya mwenye kampuni, na ya mwisho.

Binti alitaka kutuandikia tangazo ukutani. Fundi akakataa. "Habari ya namna hii husema mwenye mali kwa mdomo wake."

Akaja tulipokuwa tumesimama. Mwenzetu mmoja, aliyeajiriwa Fundi akiwa ameshaondoka, akamuuliza, "Samahani mzee, wewe ni nani?"

"Mimi ni mwanahisa," akasema. "Maana yake, hiki kiwanda kilikuwa changu na cha marehemu kaka yangu. Kimekufa kwa sababu nilisusa. Naomba mnisamehe."

Akatushika mkono, mmoja baada ya mwingine, wote sita, kisha akamwomba binti ampeleke kaburini.