Mpira wa Bafu la Wageni

Nilikuwa kwenye dirisha la stoo ya ofisi moja katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, nikisubiri mhuri, alipofika mama Mkongo anayesafisha bafu la wageni. Alikuwa ameshika barua ya onyo: vigae vikikutwa tena na utando mweupe wa maji yaliyokaukia, kazi imekwisha.

"Baba, ile ya kukaushia maji mulinipa ni plastiki nguvu," alimwambia mtunza stoo. "Inaacha maji mingi ku ukuta. Nimetengeneza yangu."

Akatoa kibao chenye ukingo wa mpira laini, aliokata kwenye tyubu ya baiskeli. Akarushia maji kioo cha dirisha, akakivuta kibao polepole kutoka juu hadi chini, akapangusa ukingo kwa kitenge, akavuta tena. Kioo kikakauka kikang'aa.

"Eh! Hii iko muzuri sana, mama," alisema mtunza stoo. Akafungua daftari, akaandika namba kwenye kibao, akakiweka kabatini, akafunga kufuli.

"Unafunga sababu gani?"

"Sasa iko mali ya ofisi. Kutoa, lazima sahihi ya bosi."

"Bosi iko wapi?"

"Mbarara. Atarudi wiki ijayo."

"Na wageni?"

"Kesho asubuhi."

Nimezoea kuona vitu vikiwekwa stoo kwa kuharibika. Hiki kiliponzwa na kufaa.

Mama akapitisha mkono wake dirishani. "Basi na miye uniandike namba, unifungie humo."

Mtunza stoo alipekua daftari kwanza, ndipo akajibu.

"Hapana, mama. Hii ni ya vitu tu."