Kiti Mlangoni pa Bafu

Siku ya tatu ukumbini, Thacienne aligundua kwamba Kelly hanywi maji.

Walikuwa watu tisini hivi, waliotolewa majumbani katika kitongoji cha Macquarie Fields na vingine vya karibu mto ulipofurika hadi majikoni. Walilala kwenye magodoro yaliyotandikwa bega kwa bega katika ukumbi wa michezo. Thacienne, mama wa miaka hamsini na mmoja aliyefanya kazi ya kutunza wazee, hakuweza kutulia. Alikunja mablanketi, akayakunjua, akayakunja tena. Asubuhi hiyo alikuwa ameachiwa Kelly, binti wa miaka kumi na mitatu, kwa sababu Ineza, mama wa msichana huyo, alilazimika kwenda kazini ghalani, Wetherill Park.

"Kunywa basi, mama," alimwambia.

Kelly husikia Kiswahili ila hujibu kwa Kiingereza. Alisema hana kiu. Midomo yake ilikuwa imekauka mpaka imepasuka.

Thacienne aliitambua midomo ile. Alizaliwa Burundi, lakini usichana wake aliumalizia katika kambi ya wakimbizi Kigoma, na huko alikuwa akiacha kunywa maji tangu saa nane mchana, ili giza likiingia asilazimike kwenda chooni. Hakuwahi kumweleza mtu, hata marehemu mume wake.

"Ni huko bafuni, kwenye vyoo?" aliuliza taratibu. "Kuna mtu?"

Kelly alivuta kofia ya sweta mpaka machoni. Safari hii alijibu kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. "Tonton Gratien. Anasimama kwa mlango. Anasema haifungi vizuri, yeye atanichungia. Jana alisukuma."

"Alikugusa?"

"Hapana. Nilipiga kelele, akacheka."

Gratien, ambaye watoto walimwita tonton, yaani mjomba, walimfahamu wote. Alipiga gitaa kanisani, na siku ya kwanza ndiye aliyebeba magodoro mengi kuliko yeyote.

Thacienne alikwenda kwa Ronnie, msimamizi wa ukumbi. Ronnie alikuwa mtu mwema aliyechoka. Alisema ataandika ripoti, na fundi wa kitasa atakuja Jumatatu.

"Leo ni Alhamisi," Thacienne alisema.

Hakungoja jibu. Alichukua kiti cha plastiki akakiweka mbele ya bafu la wanawake, akapiga simu kazini kusema haendi, kisha akaketi. Mguu wake ulicheza wenyewe. Haukupita muda, Gratien akaja.

"Dada Thacienne, pumzika. Mimi nitaangalia hapa."

"Rudi upande wa wanaume, Gratien."

"Kwani nimefanya nini?"

"Unajua, na mimi najua."

Gratien akashusha sauti. "Sisi ni watu wa nyumbani. Utatuaibisha mbele ya wazungu?"

Maneno hayo yalimchoma Thacienne, kwa kuwa miaka ya nyuma yeye mwenyewe aliwahi kumwambia hivyohivyo mwanamke mmoja aliyepigwa na mumewe. Alishika kiti kwa mikono miwili, asije akainuka.

Wanawake walimwona. Mmoja alileta kiti chake, kisha wa pili. Bibi mmoja wa Kivietinamu, ambaye hawakuwa na lugha ya kuelewana naye, alikuja na kigoda akaketi katikati yao. Kelly aliingia kuoga, akakaa humo karibu nusu saa. Alipotoka aliomba maji.

Ineza alirudi saa tisa. Alisikiliza akiwa bado na fulana yake ya kazini, kisha akasema, "Watu watatusema."

"Waache waseme. Mtoto ameshasema."

Polisi wa kike aliitwa, akaja. Kelly alizungumza naye peke yake kwa muda mrefu, na kabla ya jioni Gratien aliondolewa ukumbini. Kitasa kilitengenezwa siku hiyohiyo. Wanawake na wasichana walipewa chumba chao cha kulala.

Sasa wote wamesharudi makwao, kwenye kuta zinazonuka unyevunyevu. Kesi haijasikilizwa. Kanisani wapo wasiomsalimia Thacienne, na Jumapili hukaa kwenye benchi akigeuzageuza mkoba wake, akitamani ibada iishe.

Wiki iliyopita mke wa Gratien alimpigia simu. Namba ilikuwa yake, ila hakusema neno, alipumua tu. Thacienne alingoja, kisha akamtajia mahali yeye mwenyewe anapokaa na saa anazotoka kazini, ili akitaka aje, akarudia anwani polepole, mara mbili, mpaka simu ikakatika.