Kinanda cha Baba kwa Fundi wa Parkdale

Mama aliniomba jambo moja tu: asikie tena, kabla hajafa, kile kinanda cha mkono cha kuvuta na kusukuma tulichohama nacho kutoka Tanga. Mvukuto, ule mfuko wake wa upepo, ulikuwa umepasuka miaka mingi. Mimi, mjuaji wa ukoo, nilikwisha kuuziba kwa gundi ya viatu, kikazidi kukohoa.

Basi Jumamosi moja nikampeleka mama mtaa wa Parkdale, huku huku ughaibuni tunakoishi, kwa mzee wa Kizungu anayetengeneza vinanda hivi katika chumba cha chini cha nyumba yake. Palinuka ngozi na gundi ya moto. Nikaingia kifua mbele, nikamweleza jinsi marehemu baba alivyokuwa akitikisa harusi kwa kinanda hiki, na kwamba kipaji nimekirithi mimi. Hilo la pili lilikuwa uongo mtupu. La kwanza nilikuwa nimelisimulia mara nyingi mno hata nikaliamini, ingawa baba alifariki nikiwa na miaka minne.

Fundi hakukifungua. Akanirudishia.

"Piga kwanza," akasema kwa Kiingereza. "Sifungui kinanda kabla sijasikia kinavujia wapi."

Nikamwonyesha kidole, nikadai kinauma. Kidole kizima kabisa. Nje theluji inaanguka, mimi jasho linanitiririka.

Mzee akakigeuza kinanda, akanionyesha mikanda ya kupitishia mikono. Ilikuwa imekazwa hadi tundu la mwisho, na ngozi imeshika umbo hilo hilo.

"Aliyekipiga alikuwa na mikono midogo sana."

Baba, kwa picha zake, alikuwa na viganja kama sahani za pilau. Nikamgeukia mama kumtafsiria, nikapotosha makusudi: "Anasema baba alikuwa fundi kweli kweli."

Nilisahau kwamba mama amesafisha ofisi za mji huu miaka ishirini, na Kiingereza anakisikia vizuri tu. Akanyoosha mikono, akaivaa ile mikanda. Ikamkaa sawasawa. Akavuta. Ulitoka upepo mwingi na wimbo kidogo, lakini vidole vyake havikusita hata mara moja.

Aibu ilinipanda hadi masikioni. "Kumbe ni wewe, mama. Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Kila ukija, mwanangu, hadithi umeshaimaliza mwenyewe," akasema, bado anavuta. "Nikaona unamtaka baba. Nikakuachia kinanda kiwe chake."