Kiatu Kimoja cha Ghati

Najua kuna watu watacheka nikisema enzi zetu. Thelathini sijafika, ndevu zenyewe bado nazihesabu, halafu nasema enzi zetu. Cheka tu. Mimi nakwambia enzi tulikuwa nazo, sisi tuliosoma Nyarero na kaptula za viraka vya rangi mbili. Kama wewe ni rika langu na umekulia huku Tarime, unajua ninachosema, wala hatuna haja ya kubishana.

Asubuhi ilikuwa kiporo cha ugali wa muhogo na maziwa mgando ya kwenye kibuyu, yale yenye harufu ya moshi. Unakula umesimama, mkono mmoja kwenye sufuria, mwingine unatafuta daftari. Halafu mbio, peku, umande mpaka magotini, kidumu cha maji kinakugonga mguuni. Jioni ng'ombe wakisharudi tunacheza rede kwenye vumbi mpaka hatuoni mpira. Mama akinisikia nagombana huko nje anatoa kichwa mlangoni: "Marwa, huo mdomo ndio utakaokuzika." Haujanizika, Mama. Mpaka leo ninao.

Lakini kilichonifanya nikae chini niandike ni ngoma.

Kundi la ngoma la shule tulikuwa watoto nane. Tulikuwa tunacheza na ibirandi, vile viatu vyetu vya mbao, soli nene kama tofali, mkanda wa tairi kwa juu. Ukivivaa unakuwa mrefu ghafla, unachungulia mpaka uani kwa watu. Ukikanyaga ardhi ngumu inakujibu: ko, ko, ko. Watoto nane, miguu kumi na sita, mlio mmoja. Mguu mmoja ukichelewa, hata mtu anayepita barabarani na baiskeli anageuza shingo.

Mpigaji wetu wa litungu, ile ala yetu ya nyuzi, alikuwa baba mdogo Matiko, mdogo wake baba. Huyu alikwenda Nyakunguru kuchimba dhahabu akiwa na vidole kumi, akarudi navyo tisa, na dhahabu hakuna. Jiwe lilikula kimoja cha mkono wa kulia. Watu wakasema litungu basi tena, nyuzi nane zinataka mikono mizima. Yeye akakaa nyuma ya nyumba wiki kadhaa anapiga, anakosa, anapiga. Mwisho, kila alipofika mahali pa kile kidole kilichokwenda, akawa anagonga kile kisanduku cha litungu kwa kiganja. Du. Wimbo unakwenda, du, unaendelea. Leo kuna vijana wanapiga hivyo hivyo na vidole vyao vyote kumi, hawajui hata wameitoa wapi.

Yeye ndiye aliyetupa sheria. Alituambia siku moja anakaza nyuzi: "Ukikosea peke yako, umekosea. Tukikosea wote, huo ni wimbo." Maana yake mwenzako akikosea, usimwangalie, usicheke, mfuate. Kosea kama yeye, haraka, kabla watu hawajajua.

Mwalimu wetu wa michezo hakuitaka hiyo sheria. Alikuwa amehamishiwa kwetu kutoka mbali, mtu mwema, viatu vinang'aa hata kipindi cha mvua, lakini kosa kwake lilikuwa aibu ya shule. Ukikosea mazoezini, fimbo ya mpera. Ukirudia, unatolewa kwenye kundi, viatu unavirudisha ofisini.

Na aliyekuwa anakosea ni Ghati.

Ghati alikuwa binti wa jirani yetu, na darasani tulikaa dawati moja. Hakuwa mtu wa kuongea. Mwalimu akimwuliza swali anaangalia dawati mpaka kipindi kinaisha. Walimwita bubu, na mimi nilipigana na wavulana watatu kwa jina hilo, mmoja mpaka leo ana kovu, akilisoma hili anajua. Lakini Ghati akivaa ibirandi alikuwa mtu mwingine. Shingo inanyooka, mabega yanacheza, kicheko kinatoka. Ilikuwa ndiyo saa pekee tunayomsikia. Tatizo, jozi aliyopewa na shule ilikuwa imeshachezewa na dada yake mkubwa, mkanda umelegea, na mara mbili mazoezini alijikwaa.

Tukaalikwa mashindano ya shule, huko Issenye. Kwetu ilikuwa kama kwenda Ulaya. Tulipanda lori alfajiri, tunaimba, vumbi limetufanya wote wazee wenye mvi. Kabla hatujapanda, Mwalimu alimwita Ghati mbele yetu akamwambia ya mazoezini amesamehe, lakini akijikwaa leo, Jumatatu arudishe viatu. Ghati akaitikia kwa kichwa. Njia nzima alikuwa anauvuta ule mkanda, anaufunga fundo, anaufungua, anaufunga tena.

Tukafika. Tukapita kwa wazee mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, mpaka mdomo unakauka. Uwanja umejaa watu wa Serengeti, wengi wanaongea Kiikoma na Kinata, ngoma yetu wanaisikia juujuu tu. Hilo lilinipa moyo. Nikajisemea, hawa hata tukikosea hawatajua. Halafu nikaona kwenye meza ya majaji amekaa mzee mmoja wa kwetu, Mkurya kabisa, fimbo yake katikati ya magoti. Huyo angejua.

Tulianza vizuri, sidanganyi. Baba mdogo alilishika lile litungu likatoa sauti ya kutoka tumboni, sisi ko, ko, ko, na watu wakaanza kusogea. Wimbo wa pili, pale pa kuruka na kugeuka, nikasikia kitu kinapita karibu na sikio langu. Kiatu cha Ghati. Mkanda umekatika. Kikaruka juu, kikazunguka, kikatua mbele ya meza ya majaji kama mzigo uliodondoka kwenye gari.

Ghati akabaki na mguu mmoja mrefu, mmoja mfupi. Hakusimama, hilo nampa mpaka kesho. Akaendelea, lakini sasa mlio wake ni ko, kimya, ko, kimya. Uso umeshaanza kukunjika. Sisi saba tukawa tunapiga yetu na yeye yake, na ile tofauti ilisikika uwanja mzima. Mwalimu pembeni ameweka mkono kwenye paji la uso.

Na mimi, mwenye mdomo, mwenye ngumi, nilipigwa butwaa. Nasema ukweli. Mistari miwili ya wimbo sikufanya chochote.

Baba mdogo ndiye aliyeanza. Akaacha uzi mmoja. Pale mguu wa Ghati uliponyamaza, naye akanyamaza. Ko, kimya. Halafu akaniangalia, akageuza macho akaangalia miguu yangu, akarudi kwenye nyuzi zake.

Nikarusha kiatu. Nilikirusha vibaya, kikaenda kikapiga ndoo ya maji ya majaji, wakaloa wawili. Lakini wenzangu wakaelewa. Kikaruka cha tatu, cha nne, mpaka watoto wote nane tukawa tunachechemea kama ng'ombe waliokanyaga miiba, mguu mmoja ko, mguu mmoja kimya, na litungu linachechemea na sisi. Baba mdogo akachomeka du yake kwenye kile kimya. Ko, du. Ko, du. Ghati aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akaona miguu peku saba, akacheka kile kicheko chake kwa sauti, na uwanja ukalipuka. Kuna bibi mmoja wa huko aliacha kikapu chake akaingia katikati, amevua ndala moja.

Tulipomaliza, yule mzee jaji akatuita. Alikuwa bado anajifuta maji. Akamwuliza baba mdogo, taratibu kabisa, "Mura, kijana wangu, mimi ngoma hizi nimecheza tangu ujana wangu. Hii ya kiatu kimoja inaitwaje?"

Mwalimu akaanza kuangalia viatu vyake.

"Inaitwa Ghati," baba mdogo akasema.

Mzee akamwangalia, akaangalia mkono wenye vidole vinne, akaandika. Tulitoka wa pili. Tulikula wali na nyama mpaka tukalala kwenye lori. Jumatatu Ghati alikwenda ofisini na viatu mkononi, mimi nyuma yake nimeshajiandaa kugombana. Mwalimu alivichukua, akatoa mkanda mpya mfukoni, akaanza kuupigilia misumari mwenyewe. Na toka siku ile fimbo ya mpera ilibaki kwenye kabati.

Sasa niwaambie ya leo. Siku hizi napiga kinanda kwenye maharusi, nimejifundisha mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono. Litungu la baba mdogo ninalo mimi, maana vidole vyake vimekakamaa, na kila harusi nakwenda nalo. Na ninaona mambo. Msanii anapanda jukwaani na flashi, flashi ikigoma anashuka anamtukana fundi wa spika. Mwenzake akisahau maneno wanatoa simu wamrekodi. Ndani ya kundi lake mwenyewe.

Juzi hapa Nyarero, harusi, mchana kweupe, yamenikuta. Kinanda nilikuwa nimekipandisha sauti kwa wimbo uliopita, nikasahau kukishusha. Bibi harusi yuko mlangoni, nabonyeza, sauti inatoka nyembamba, juu kuliko mwimbaji anavyofika, kama mbuzi kafinywa. Mwimbaji wetu alianza, akaacha, akaninyooshea kidole mbele za watu. Mpiga ngoma anacheka. Simu zikanyanyuka ukumbi mzima kama mahindi shambani. Damu ikanipanda, nikashika waya nichomoe niondoke, na mtu fulani angekula ngumi nje.

Ndipo nikasikia, upande wa akina mama. Ko. Kimya. Ko. Kimya.

Alikuwa Ghati, mtoto mgongoni, kiatu kimoja cha kisigino mguuni, kingine mkononi, anakuja katikati ya sakafu anachechemea. Hata haniangalii. Na kutoka nje, kwenye nyama choma, akaingia mwenzetu mwingine wa kundi lile la ngoma, koleo mkononi, mguu mmoja peku.

Nikaachia waya. Nikachukua litungu, nikavua kiatu, nikapiga, na pale pa kidole cha baba mdogo nikagonga du. Bibi harusi aliingia kwa mwendo huo, na alipendeza kuliko maharusi wote niliowapigia.

Vijana walirekodi kila kitu. Wanayo kwenye simu zao, mwanzo mpaka mwisho. Lakini viatu nilivihesabu. Vilivyovuliwa vilikuwa vitatu tu, vyote vya sisi wa kundi lile.