Nakala Zisizofunguliwa

Nakumbuka adhuhuri moja, masika yamekolea, nimesimama mbele ya wazee wa kijiji, na bahasha nilizozifunga kwa mkono wangu zinafunguliwa moja baada ya nyingine. Mwanangu, nimezeeka, mengi yamenitoka, lakini adhuhuri ile haijanitoka, wala hasira yake haijapoa.

Nilikuwa karani wa kijiji chetu cha ujamaa, huku upande wa Kirongwe. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka mashambani wakae pamoja, minazi na mikorosho yao imebaki kule nyuma. Kwa hiyo kila shamba liliandikwa kwenye daftari kwa jina la mwenyewe, asije mtu akadhulumiwa. Daftari hilo nilikabidhiwa mimi, msichana wa miaka ishirini, nikajiona nimeishika dunia.

Nyinyi siku hizi mnasema bakapu. Sisi tulisema nakala ya pili. Katibu wetu, Mzee Shomari, aliandika hatua zake kwenye karatasi akaibandika ukutani: weka kaboni, ile karatasi nyeusi ya kunakilia, kati ya karatasi mbili, andika, toa ya chini, itie kwenye bahasha, ifunge, ipeleke ofisi ya wilaya Kilindoni kwa lori la Ijumaa, kisha andika kitabuni "Imehifadhiwa". Nilizijua kwa moyo kama Alhamdu.

Siku moja mjomba wangu akaniletea zawadi kutoka Dar es Salaam: kalamu ya wino, ile ya kujaza, inateleza kama imepakwa mafuta. Nikaiweka kando kalamu ngumu ya ofisini kabla sijaandika hata shamba moja. Ijumaa ya kwanza, nilipotoa karatasi ya chini, niliona maandishi yamefifia. Nikajisemea, aa, yatasomeka tu. Lori lilikuwa linapiga honi. Wiki zilizofuata sikutazama kabisa. Nilikunja, nikafunga, nikaandika "Imehifadhiwa". Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliuona kwa macho yangu mawili, nikaupita.

Mvua ikaja. Makuti ya ofisi yakavuja juu ya daftari, wino wa kalamu yangu ya fahari ukayeyuka, kurasa zikabaki madoa ya bluu. Juma hilohilo, shemeji yake mjane mmoja wa kijiji chetu, Bi Zuhura, akadai kwamba minazi ya mama yule ni yake yeye. Bi Zuhura hata hakushtuka. Aliwaambia wazee, "Miti yangu imeandikwa. Karani ameiandika mbele yangu."

Daftari halisomeki, basi Mzee Shomari akaagiza bahasha zirudishwe kutoka Kilindoni. Tukazifungua mbele za watu. Ya kwanza, karatasi nyeupe. Ya pili, nyeupe. Ya tatu ina vivuli vya herufi ambavyo hata malaika asingevisoma. Bi Zuhura akanitazama. Hakupiga kelele.

"Binti yangu," aliniuliza, "ulikuwa unapeleka nini siku zote hizo?"

Nikajibu upuuzi: "Nilifuata hatua zote."

Mzee Shomari alikuwa mtu mpole, lakini hapo alipiga meza. "Hatua zote? Haya, kaa chini, unionyeshe."

Akaibandua ile karatasi ukutani, akasoma hatua moja, nami nikaitenda, akakagua, ndipo akasoma nyingine. Nilipotaka kueleza alinikatiza: "Usiniambie unavyodhani. Fanya, nione." Kaboni nzima. Imewekwa upande wake. Nikaandika. Akafunua: hakuna kitu. Akanipa kalamu ya zamani, nikaandika tena, na herufi zikatoka zimekolea. Kalamu ya wino haikandamizi karatasi, mwanangu. Kosa lenyewe lilikuwa dogo kama chawa.

"Kalamu tumeiona," alisema, kisha akagonga kidole kwenye neno "Imehifadhiwa". "Na hili uliliandika kwa kutazama nini?" Halafu akashusha sauti: "Na mimi niliyepanga hatua sikuweka ya kufungua na kusoma. Hilo ni langu."

Tulizunguka shamba kwa shamba, kuandika upya kwa ushahidi wa majirani. Wengi walipata haki yao. Lakini waliojua mipaka ya Bi Zuhura upande wa bondeni walikuwa wameshafariki, na hakuna aliyethubutu kuapa. Wazee wakagawa: nusu yake, nusu ya shemeji. Mama yule aliishi miaka mingi akipita kando ya minazi aliyoipanda mwenyewe, sasa ya shemeji, haruhusiwi kuangua hata dafu moja. Shikamoo yangu aliiitikia. Zaidi ya marahaba hakuniambia neno tena mpaka anakufa.

Sasa wewe! Jana unaniambia skripti yako, yale maagizo ya kompyuta ya kunakili kumbukumbu za wagonjwa pale zahanati ilikuwa inaleta makosa, ukaongeza mstari wa kuyanyamazisha, na sasa kila asubuhi inaandika "imefaulu". Nakala hujafungua hata moja. Ni adabu tu iliyonizuia kukurushia kandambili. Mtu anakupigia ukelele kwamba nyumba inaungua, wewe unamziba mdomo? Mficha maradhi, kifo humuumbua, na wagonjwa wale hawakukutuma uwafichie.

Rudi leo. Ufute huo mstari. Lisome kosa neno kwa neno, usikisie. Pitia hatua moja moja, na uanze na kile kilichobadilika karibuni, hata kama ni chako na unakipenda. Kisha ichukue nakala, uifungue kwenye kompyuta nyingine, umtafute mgonjwa mmoja kwa jina lake mpaka umwone. Usipomwona, neno "imefaulu" ni uongo, na mwongo ni wewe, si mashine. Ukikuta zimeharibika, mwambie mkubwa wako kabla jua halijatua. Aibu ya kusema mapema hupita. Mimi ya kuchelewa ninayo hadi leo.

Nakukaripia kwa kuwa wewe ni wangu. Mola akupe jicho lisiloridhika upesi na ulimi usioogopa kusema nimekosea, awahifadhi wote wanaokutegemea bila kukujua, na kazi ya mikono yako iwe sadaka yako. Amin. Haya, inuka uende. Chai utakunywa ukirudi.