Saini ya Gavana wa Ruwais

Ijumaa ile siisahau, mwanangu. Nilikuwa dereva mgeni hapo Jeddah, kalamu ndefu kuliko akili. Sisi Wakenya wa mtaa wa Ruwais tulikuwa na chama, tukakiita Kaunti ya Arobaini na Nane, maana nyumbani zipo arobaini na saba. Gavana wetu alikuwa Wafula. Mimi, katibu, nikaandika katiba kwa kuiga serikali ya kaunti, kisha nikachomeka langu: barua zote zitatiwa saini na gavana peke yake. Tulimpenda mno.

Mzee Nzioka, bawabu wa mtaa wa Aziziya, aliisoma akaguna. "Wewe kijana, gavana akifa?"

"Mzee, acha uchuro!" Nikacheka, mjinga mimi.

Mwezi haukuisha, Jumamosi moja Wafula akaanguka kazini. Halas, akafa. Kafili wake, yule tajiri aliyemdhamini, akataka barua ya chama ndipo atoe karatasi za kusafirisha maiti. Ijumaa iliyofuata, ndiyo ile, tukakutana, kiti chake kitupu mbele yetu. Nani atasaini? Wenzangu wakang'ang'ania katiba: gavana peke yake. Mwili unangoja, watu wanabishana! Basi nikaiga saini ya marehemu. Ilitoka laini mno, kana kwamba mkono wangu umeshikwa. Kafili akatazama muhuri wa chama tu, akatoa karatasi.

Jeneza likafika Bungoma pamoja na nakala ya barua ile. Mama yake akanipigia simu, sauti shwari kabisa.

"Mwanangu, mlisema alikufa Jumamosi. Hapa amesaini Ijumaa iliyofuata. Maiti haisaini. Huyu mliyeniletea ni wa nani?"

Nilikiri, nikalia. Hakuniamini. "Saini ya mwanangu naijua," akasema, akakata simu.

Ukoo ukazika, yeye akakataa hata kumtazama maiti, wala hakukanyaga kaburini. Miaka kumi sasa, kila saa kumi jioni humimina vikombe viwili vya chai, chake na cha mwanawe. Jirani yake aliniapia kwamba vyote viwili hukutwa vitupu. Sijauliza zaidi, naogopa.

Nasikia nyinyi vijana wa Malqa, huko Riyadh, mnaandika katiba yenu. Mwanangu, usiiandike kwa ajili ya mtu unayempenda. Andika nani atashika kalamu huyo akiondoka. Na mkikuta kosa, lirekebisheni mkutanoni, wote mkiona. Msilizibe kwa uongo, hata uwe wa huruma. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu lililovunjika halikuwa langu. Lilikuwa la mama wa watu.

Mungu akulinde ugenini, mwanangu, akurudishe kwa miguu yako, na mama yako akupokee akijua ni wewe.