Joho la Waziri Mkuu

Mimi ni mtu wa ndani. Wenzangu niliotoka nao Lubumbashi wameizunguka Afrika Kusini yote; mimi nimezunguka kutoka cherehani hadi jikoni, nikarudi. Nimepanga chumba cha nyuma hapa Jeppestown, kwa bibi mmoja Mgiriki, mjane aliyezaliwa kwetu Katanga wakati baba yake akiuza samaki wa mto Luapula. Kiswahili chake ni cha kwetu, na matusi yake yananishinda.

Kila Oktoba watu wa kanisa lake huigiza ile siku ya mwaka 1940 Wagiriki waliposema 'hapana'. Balozi wa Italia alimgongea waziri mkuu wao alfajiri, akataka jeshi la Italia liruhusiwe kuingia nchini. Waziri mkuu akakataa, vita vikaanza. Mwaka jana bibi aliniagiza nishone vazi la huyo waziri mkuu.

"Suti na medali?" nikauliza.

"Suti gani, weye? Alitolewa kitandani! Shona joho la kuvaa juu ya pajama."

"Shujaa wa taifa, mama, na pajama?"

"Tena alikuwa dikteta. Alifunga watu. Baba alimchukia mpaka kufa. Na alijibu kwa Kifaransa, eti basi, ni vita. Ile 'hapana' ni ya wananchi, walipoamka. Lakini alisimama mlangoni pake, mutoto. Hapo hata baba alimpa heshima."

Wiki hiyohiyo mpwa wake akafika kutoka Amerika. Huko ukoo wao una migahawa, na kwao mtu hodari ni yule aliyehama. Alitaka nyumba iuzwe, shangazi akaishi naye kwenye theluji. Bibi alikataa mezani mara kadhaa. Mpwa akawa anatabasamu tu, kama daktari mbele ya mgonjwa. Nyumba ikiuzwa, mimi na cherehani yangu tungeishia ghorofani Hillbrow, lifti imekufa, na mimi ngazi mbili tu huniacha nahema.

Jumamosi bibi alikwenda kupika kanisani. Mwigizaji, muoka mikate, ana tumbo kama langu, kwa hiyo nilivaa joho mwenyewe nipime pindo. Jekundu, la sufu, chini kandambili. Mlango ukagongwa. Mpwa, na mwanamume mwenye futi ya kupimia.

"Tupishe, rafiki," mpwa akasema kwa Kiingereza. "Huyu ni mnunuzi. Anapima vyumba tu. Shangazi amekubali."

"Mpigie simu aniambie mwenyewe."

"Usimsumbue, yuko kanisani. Na wewe ni mpangaji tu."

Mnunuzi akaniangalia kuanzia kola hadi kandambili. "Huyu ni nani hasa?"

Eish. Nikakaza mkanda wa joho, nikasimama katikati ya mlango. Bahati nilikuwa nimelikata pana.

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini?"

"Hapana kupita."

"Nitaita polisi!"

"Ita. Mimi sina safari."

Huo ndio ukweli pekee ninaoweza kuusema bila kutetemeka. Wao walikuwa na miadi kwingine, gari limeegeshwa vibaya, jua linawaka. Mimi nilikuwa nyumbani. Mnunuzi ndiye aliyekunja futi yake kwanza.

Bibi aliporudi nikamweleza yote, joho likiwa bado mwilini. Akanizunguka, akashika pindo.

"Umemkataa mtu na pini zinaning'inia hivi? Aibu gani hii!"

"Mwenzangu naye alitolewa kitandani, mama."

Akacheka mpaka akakaa. Kisha akachukua simu, akampigia mpwa, akazungumza Kigiriki, sauti ikipanda. Nilielewa neno moja tu, lile ninalolisikia kila Oktoba, na alilirudia mpaka nikamhurumia kijana wa watu.

Mpwa amerudi Amerika. Anasema atakuja tena, safari hii na wakili. Aje. Muoka mikate nilimshonea joho jingine. Hili limetundikwa nyuma ya mlango wa mbele, pini zimetolewa, pindo limeshonwa, na mimi, kama kawaida, nipo.